Sura ya Tano: Sahani Ambayo Haikurudi

Mzee Rasim Yilmaz aligonga mlango wa ofisi ya usalama hata vyombo vya kifungua kinywa havijaondolewa mezani. Aliingia bila kungoja kukaribishwa, akaketi, kisha akasimama tena kwa sababu alikumbuka kwamba alikuwa amekuja kwa hasira.

"Inspekta! Tangu jana jioni. Umefikia wapi?"

Nezahat Kural alifunika kwa gazeti rundo la maganda ya mbegu za alizeti lililokuwa mbele yake. Alikuwa amestaafu polisi mjini Izmir akiwa na magoti mabovu na sifa njema, akaajiriwa kulinda usalama katika Nergis, meli ya matembezi iliyokuwa ikipita pwani ya Mediterania hadi Mersin na kurudi. Abiria wake wengi walikuwa wastaafu waliowaleta wake zao kupumzika, kwa hiyo kesi zake zilikuwa za meno bandia yaliyosahauliwa msalani na wazee wawili kugombea kiti cha kivulini. Bangili ya dhahabu kupotea chumbani ilikuwa kesi ya kweli, ya kwanza tangu apande meli ile.

"Kaa, mzee wangu. Umeshakunywa chai?"

"Sitaki chai. Leo alasiri tunafunga gati Antalya. Kama bangili haijaonekana, naita polisi wapande melini, wafungue chumba kimoja baada ya kingine. Waanze na changu, sina la kuficha."

"Wakaguliwe watu wote hawa? Humu wamo na walio kwenye fungate, mzee."

"Fungate haiwi juu ya sheria. Mimi nilikuwa mkuu wa stesheni Akhisar. Treni haikuondoka kwangu bila utaratibu, hata kama ndani yumo waziri."

"Basi na tuufuate utaratibu. Nieleze tena, kana kwamba jana sikusikia."

Mzee akaketi. Bangili ilikuwa ya dhahabu, ya kusokota, nzito. Ilikaa ndani ya kifuko cha mahameli nyekundu, na kifuko kilikaa chini ya mitandio ya mkewe, ndani ya sanduku, chumbani kwao. Juzi jioni ilikuwemo. Jana jioni kifuko kilikuwa kitupu.

"Mama Saadet anasemaje?"

"Hajui, wala usimwambie!" Mzee aliinua kidole. "Yule mwanamke ana presha. Maisha yake yote amenipikia na kunifulia, hajaiona bahari zaidi ya pale feri inapofunga gati. Nimemleta apumzike. Leo nimwambie mwizi kaingia chumbani anapolala? Hapana. Tutaipata, tutairudisha, hatajua."

Nezahat aliipenda ile hapana. Alikuwa ameona wanaume wengi wakiripoti dhahabu iliyopotea, na wengi wao kitu cha kwanza walichofanya ni kuwagombeza wake zao.

"Hiyo bangili ni yake?"

"Si yake."

"Ni ya nani?"

Mzee aliivua kofia yake akaichungulia ndani, kama aliyeandikiwa jibu humo.

"Ya mkwe," alisema.

"Mkwe wenu mnasafiri naye?"

"Sina mkwe."

Nezahat alinyamaza. Katika kazi yake alijifunza kwamba mtu mwenye uchungu ukimnyamazia husema mwenyewe, na ukimuuliza hufunga mlango.

"Nina mtoto mmoja," mzee alisema hatimaye. "Yuko Hamburg. Siku moja akapiga simu: baba, nimeoa. Nimeoa! Kama mtu aliyekata tiketi dirishani. Wameandikishana ofisini, wakapiga picha, wakaenda kula. Nikamuuliza, umemwomba kwa nani? Akasema msichana hana wazazi, kalelewa na bibi yake, na bibi naye kafariki. Hapakuwa na wa kumwomba. Nikamwambia, hata angekuwepo jirani tu wa huyo bibi, ningevaa tai yangu, ningebeba maua yangu na chokoleti zangu, ningepanda ndege ambayo naiogopa, nikamwombe yule jirani. Binti wa watu haokotwi njiani! Anaombwa, ajue kwamba upo ukoo uliomtaka. Mimi na mama yake tulishanunua bangili tangu kijana yuko shule."

"Sasa ni muda gani?"

"Miaka mitatu."

"Mnaongea?"

"Na nani?"

"Anaitwa nani, mzee?"

"Wewe andika 'mwana' tu."

Nezahat aliuliza swali moja zaidi, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Jana jioni, nani aliyefungua kifuko?"

"Mimi."

"Na juzi?"

"Mimi."

"Na jioni ya kabla ya hapo?"

"Mimi ni mlalamikaji au mshitakiwa?" Mzee alisimama, masikio yamemwiva. Lakini mlangoni aligeuka, na uso wake ukalainika wenyewe, kama siagi iliyokaribishwa motoni. "Nakwenda juu sitahani. Yupo binti ananingoja tucheze tavla, ule mchezo wa dadu na kete. Pelin, wa chumba jirani. Maskini, mume wake bahari imemlaza tangu tung'oe nanga, hajatia hata mguu nje. Mtoto anakula nasi mezani kama yatima. Ana adabu, ana akili! Jana amenifunga mara mbili, kisha akanibusu mkono akaniomba radhi. Kuna watu duniani wana bahati ya wakwe, Inspekta."

Alikwenda zake. Nezahat alibaki akiutazama mlango.

Alianza pale ambapo polisi yeyote angeanza. Makufuli ya meli yalitunza kumbukumbu ya kila kadi iliyofungua mlango, na mlango wa mzee Rasim ulikuwa umefunguliwa na watu watatu tu: mzee mwenyewe, mkewe, na Zeliha msafishaji. Zeliha aliitwa. Alikuja akifuta mikono, macho yamemtoka pima.

"Dada Nezahat, nakula kiapo—"

"Usile kiapo, kula mbegu. Ulisafisha chumba kile ukiwa na nani?"

"Na Mama Saadet. Daima yumo. Ananikalisha kitandani, ananilisha majani ya mzabibu yaliyofungwa wali, aliyokuja nayo kutoka kwao, ananipa habari za mji mzima wa Akhisar. Mimi nakuja kusafisha, natoka nimeshiba."

"Na chumba jirani?"

"Kile sijawahi kukisafisha. Yule bwana hataki mtu. Mke anapokea mashuka mlangoni, anafunga."

"Si anaumwa na bahari?"

Zeliha alicheka mpaka akajiziba mdomo. "Mgonjwa wa bahari huyo ningeolewa naye mimi! Sahani zinatoka mle zimelambwa. Jana ameagiza mguu wa kondoo, na achari."

Nezahat alimwachia Zeliha mbegu zilizobaki, akapanda ngazi polepole kwa ajili ya magoti yake. Alitazama orodha ya abiria, haikumsaidia kitu. Chumba jirani kilikuwa kimeandikishwa kwa jina la Yilmaz, lakini Yilmaz katika nchi ile ni kama kokoto ufukweni. Ndani ya Nergis peke yake walikuwa wamejaa meza nzima nzima, na wala hawajuani.

Alitoka nje kutazama roshani. Kati ya roshani ya mzee na ya jirani palikuwa na kizuizi kinachofika kifuani tu. Kijana mwenye nguvu angekiruka bila kumwaga chai yake. Basi huyo hapo: mwanamume anayejifungia, asiyetaka kuonekana na mtu, anayekula kama mvuna pamba, na ambaye anatenganishwa na dhahabu kwa ubao mmoja. Na mke mwenye adabu nyingi aliyepewa kazi ya kumshughulisha mzee kwa tavla. Nezahat alikuwa amewafunga watu kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Ajabu ni kwamba hakufurahi. Alimkumbuka mzee alivyosema "kanibusu mkono", akajikuta anaomba awe amekosea.

Alingoja mpaka Pelin ashuke kutoka mchezoni, akamfuata hadi mlangoni.

"Binti, naweza kuingia? Usalama wa meli. Tunakagua vifaa vya kujiokolea."

Pelin alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa na nywele zilizofungwa kwa haraka. Alisita, kisha akafungua. Desturi ilimshinda: hata kabla ya kuuliza jambo lolote alichukua chupa ya marashi ya limau akamnyunyizia Nezahat mikononi, kama anavyofanyiwa mgeni. Mwizi anayemkaribisha polisi kwa marashi, Nezahat alifikiri, hajazoea kazi.

Kitandani alilala mtu mrefu, amejifunika blanketi mpaka utosini, uso ukutani. Alipoona mlango umefunguka aliguna. Aliguna vibaya sana. Mtoto wa shule anayekwepa mtihani angeguna vizuri zaidi. Kando yake palikuwa na bakuli la kokwa za zeituni.

"Pole, bwana," Nezahat alisema.

"Mmmh," lilijibu blanketi.

Alikagua maboya. Alikagua mlango wa roshani. Chumvi ya bahari ilikuwa imekauka kwenye kitasa cha nje na kizuizini, nyeupe, haijaguswa na mkono. Hakuna aliyeruka pale. Nezahat aligeuka aondoke, na hapo ndipo alipoiona ile sahani.

Ilikaa juu ya rafu, imeoshwa ikang'aa, imefunikwa kitambaa kisafi. Haikuwa ya meli. Vyombo vya meli vilikuwa vyeupe vitupu, na hii ilikuwa na maua ya buluu pembezoni, imemeguka kidogo upande mmoja. Sahani ya nyumbani kwa mtu.

"Sahani nzuri. Yenu?"

"Ya Mama Saadet, wa hapa jirani. Alituletea majani ya mzabibu."

"Lini?"

"Juzi, baada ya chakula cha jioni."

"Juzi," Nezahat alirudia. "Na bado iko hapa?"

Binti alibadilika rangi kuanzia shingoni. Kwa mtu wa nchi nyingine swali lile lisingekuwa na uzito wowote. Lakini Nezahat alilelewa katika nyumba ambayo sahani ya jirani hairudi tupu. Ikija na biringanya, inarudi na mtindi. Ikija na keki, inarudi hata na limau tatu. Na hairudi kesho kutwa, inarudi upesi, jirani asije akasema amelisha wenye njaa. Juu, ukumbini, palikuwa na tini na machungwa yanayomwagika mezani bure, kila abiria achukue atakacho. Msichana anayembusu mzee mkono baada ya kumfunga tavla hakosi chungwa moja la kuweka juu ya sahani.

"Binti, umelelewa na nani?"

"Na bibi yangu."

"Bibi yako hakukufundisha kurudisha sahani?"

"Amenifundisha!" Pelin alisema kwa haraka, na machozi yakamjaa. "Ndiyo sababu... Nitaweka nini juu yake, dada? Sina cha kuweka."

Blanketi lilijigeuza kidogo, kisha likakumbuka ugonjwa wake likatulia.

Nezahat alimgusa binti bega, akatoka, akasimama kwenye ujia akiegemea ukuta. Binti amepewa kitu ambacho hakilipiki kwa matunda. Kitu hicho kilitoka mlangoni mchana kweupe, chini ya majani ya mzabibu, mikononi mwa mwenye sahani. Ilibaki kujua kama Mama Saadet alikitia kwa kujua au kwa kupitiwa, maana umri nao ni mwizi. Nezahat alijua njia moja ya kupima.

Mama Saadet alikuwa roshani anafuma soksi, miguu juu ya kigoda, uso umekolea jua na furaha.

"Karibu, mwanangu, karibu! Hebu ona bahari ilivyolala. Rasim yuko wapi? Anacheza tena? Huyo mwanamume amekuja kuona bahari, anaona dadu tu."

"Mama, nimepita jirani. Nimeona sahani yako ya maua iko kule tangu juzi."

"Ehe?"

"Haijarudi."

"Itarudi, mwanangu. Ana mgonjwa yule, ana mambo mengi. Sahani ni nini?"

Hapo Nezahat akapata jibu lake. Hakuna mama wa Akhisar, wala wa mji mwingine wowote pande zile, ambaye sahani yake italala kwa jirani siku mbili naye aseme sahani ni nini. Angenung'unika, angeuliza siku hizi mabinti wanafunzwa nini. Mwenye sahani asiyeidai sahani yake anajua ilikwenda na nini.

Alivuta kiti akaketi karibu naye, magoti kwa magoti.

"Mama, bangili ilikuwa juu ya majani au chini yake?"

Sindano za kufumia zilisimama.

"Nani kakwambia habari za bangili?"

"Mzee Rasim. Ameripoti imeibwa."

"Rasim?" Mama Saadet alimkodolea macho. "Rasim kajuaje kama haipo? Rasim hajaigusa ile bangili tangu kijana apige simu. Alisema kifuko kile kisitajwe mbele yake. Nilimwambia tuje nacho tu, wezi wasije wakavunja nyumba, wala hakunijibu."

"Anakifungua kila jioni, mama. Unapokwenda kuoga, nadhani. Ndivyo alivyojua."

Mwanamke yule alibaki ameshika soksi. Alilia kimya, bila kujificha, huku anacheka.

"Kila jioni? Mwanamume yule? Na mimi nalala naye kitanda kimoja miaka yote sijui!" Alijifuta kwa soksi. "Mungu amsamehe, na mimi anisamehe. Sikia, mwanangu, nikueleze, maana mficha uchi hazai."

Akaeleza. Pelin ni mkwewe. Yule aliye chini ya blanketi ni Oktay, mwanawe. Walikata tiketi za safari hii kwa makusudi, chumba ubavuni mwa chumba, wakapanga: binti atoke, akae mezani na mzee, acheze naye, amzoee, ampende kwanza kama mtoto wa watu. Siku ya kufika Mersin ndipo aambiwe. Oktay ajifiche, maana baba yake angemjua hata kwa kisogo. Mpango ulikwenda vizuri kuliko walivyoomba. Ila juzi Mama Saadet alimwona binti mezani, mikono mitupu, wanawake wengine wote wamejaa bangili zao za harusi hadi viwikoni, na moyo ukamkatika. Akashindwa kungoja Mersin.

"Nikaiweka chini ya majani. Mkwe huvalishwa bangili na mama mkwe. Je, nimeiba?"

"Hukuiba, mama. Lakini mzee ameapa. Tukifunga gati Antalya anaita polisi wafungue kila chumba. Atamwona mwanawe akitolewa chini ya blanketi na askari, mbele ya meli nzima."

Mama Saadet alishika kifua. "Hilo hatalisamehe mpaka kaburini. Atasema tulimcheza shere."

"Basi asikie sasa, na asikie kutoka kwangu. Mimi ndiye niliyepewa kesi."

Alimkuta mzee juu sitahani, ubao wa tavla mbele yake, anapanga kete kwa ajili ya mchezo wa pili. Milima ya Antalya ilikuwa imeshaanza kuonekana.

"Bangili imepatikana," Nezahat alisema.

Mzee aliinuka nusu. "Iko wapi? Nani alikuwa nayo?"

"Hakuna aliyeiiba. Iko kwa mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Nimekwambia ni ya mkwe wangu!"

Nezahat alimwangalia tu, bila ukali. Mzee alimtazama, akautazama ubao, akatazama kiti kitupu ambacho Pelin alikuwa akikalia. Mkono wake ulishika dadu, ukaziachia.

"Lini?" aliuliza.

"Juzi. Mama Saadet alimpelekea kwa sahani."

"Na yule mgonjwa..."

"Haumwi, mzee. Anakula kondoo."

Mzee Rasim alifunga ubao wa tavla taratibu.

"Kwa hiyo mlikuwa mnanicheka. Mke wangu, mtoto, na... na yule pia. Nilimwita binti yangu."

"Hakuna aliyecheka. Yule binti ana sahani moja kule chumbani, ameshindwa kuirudisha kwa sababu haoni kitu duniani cha kulipia alichopewa. Analia. Na kama ni kuficha, mzee, hata wewe umeficha. Mtu aliyemkana mtoto hafungui kile kifuko kila jioni."

Alidhani atapigiwa kelele. Mzee alichukua kofia yake, akaivaa, akaondoka, mgongo umenyooka kama siku zile alipokuwa akiruhusu treni.

Nezahat aliwakusanya watatu ofisini kwake. Hakuwa na mahali pengine pa kuwaweka, na hakutaka mzee akienda chumbani awakute kwa ghafula. Oktay alikuwa kijana mwenye ndevu na macho ya mama yake. Alikaa kwenye kiti cha watuhumiwa bila kuambiwa. Pelin alikuwa amevaa bangili, akaivua, akaivaa tena, hajui lipi ndilo la adabu.

"Nimeharibu mimi," alisema. "Ningeirudisha siku ileile."

"Nyamaza, mwanangu," Mama Saadet alisema. "Mtoto akinyea mkono haukatwi. Baba yake anajua hilo. Mpeni muda."

Lakini muda ulikuwa unakwisha. Chini ya miguu yao mashine zilipunguza mwendo. Walikuwa wanaingia bandarini. Nezahat aliitazama simu ya mezani, akaisubiri ilie, polisi wa bandari waulize kuna nini.

Kilicholia ni mlango. Safari hii aliyegonga alingoja kukaribishwa.

Mzee Rasim alisimama kizingitini amevaa suti nyeusi na tai, nywele zimelowa maji na kuchanwa. Mkono mmoja alibeba boksi la chokoleti la duka la meli, na bei bado imebandikwa. Mkono wa pili alibeba maua ambayo Nezahat aliyatambua vizuri sana, kwa kuwa asubuhi hiyo yalikuwa kwenye meza ya nahodha.

Hakumtazama mwanawe. Alimtazama Nezahat.

"Inspekta. Ndani ya meli hii, mkubwa wa huyu binti ni nani?"

Pelin aliinamisha kichwa. Nezahat alijifuta mikono kwenye sketi, ingawa haikuwa na uchafu.

"Ni mimi," alisema.

"Basi nimekuja kwako."

Alimkabidhi maua na chokoleti, akaketi mbele yake, mikono magotini. Wakafanya kama inavyopasa. Mzee aliulizia afya yake, akaulizia magoti, akasema bahari imetulia, Mungu ashukuriwe. Nezahat alimnyunyizia marashi. Alimwambia Pelin, "Binti yangu, tuletee kahawa," na Pelin akakimbia jikoni akarudi na sinia, vikombe vinagongana. Kikombe cha Oktay alikitia chumvi, kama anavyotiliwa kijana anayeposa, aonyeshe subira yake. Oktay alikinywa chote bila kukunja uso. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyeweza kusema ni ya chumvi au ya nini.

Mzee alikohoa.

"Sababu ya kuja kwetu inajulikana," alisema. Alikuwa amenyooka kama anayesoma tangazo stesheni. "Kwa amri ya Mungu na kwa kauli ya Mtume, tunamwomba binti yenu Pelin kwa ajili ya mwana wetu..." Alisimama. Alijaribu tena. "Kwa ajili ya mwana wetu Oktay."

Mama Saadet alijiziba mdomo kwa mtandio.

Nezahat angeweza kukubali papo hapo. Lakini mzee alikuwa ametaka utaratibu, na utaratibu una haki zake. Nyumba ya binti ni nyumba ya maringo. Aliegemea kiti chake kibovu akakunja mikono.

"Tumesikia, mzee wetu. Lakini binti yetu hatumtoi kwa mtu tusiyemjua. Kijana wenu ni mtu wa namna gani?"

Kwa mara ya kwanza mzee Rasim aligeuka akamtazama mwanawe. Alimtazama muda mrefu.

"Ni fundi wa lifti," alisema. "Amepandishwa cheo msimu wa baridi uliopita, ana watu chini yake. Wamehamia nyumba yenye dirisha linalotazama mto. Meno yalimsumbua, ameng'oa moja. Hanywi. Biringanya humtoa vipele, tangu utotoni, msimpikie. Akiudhika hanuni, hutoka akatembea, kisha anarudi na mkate wa moto."

"Baba," Oktay alisema. "Umejuaje?"

"Mama yako anaongea nawe kwa simu jikoni. Anadhani nimelala. Mkeo humtaja 'binti' tu, jina nimelijulia humu." Alimrudia Nezahat, macho mekundu, kidevu juu. "Ni kijana mwema. Ana kasoro moja, na mbele ya haki siwezi kuificha. Ana baba mkaidi."

Nezahat alimtazama Pelin, kama inavyopasa kumuuliza binti. Pelin aliitikia kwa kichwa, mara nyingi.

"Tumewapa," alisema Nezahat.